Miezi Kumi ya Sponji

Jumatatu, 3 Machi

Siku kumi na tisa zimebaki. Nimehesabu kwa vidole, nikahesabu kwenye kalenda, nikahesabu tena kwa futi yangu ya kupimia makochi. Jibu lilelile. Muhuri kwenye pasipoti ya Mchumba unasema tarehe 22 awe ameshatoka nchini.

Nimeamkia ofisi ya uhamiaji. Mbele yangu watu thelathini na mmoja. Wanne wengine wakanipita kwa sababu wanafahamiana na mlinzi. Mwisho nikapewa karatasi yenye njia nne za kumleta mwenza wa kigeni mkae pamoja. Nikaisoma nimesimama.

Njia ya kwanza, ndoa. Tangazo libandikwe kwa msajili siku 21 kwanza. Mimi ninazo 19. Nimepungukiwa siku mbili! Ingekuwa mwezi ningenyamaza. Siku mbili ni matusi.

Ya pili, uchumba. Mwombaji arudi akasubiri kwao miezi minane. Miezi minane hata sponji ya daraja la kwanza huzama.

Ya tatu, mwenza asiye wa ndoa, mliokaa nyumba moja miezi 24. Sisi tumekaa 14, alipokuwa hapa na mkataba wa kufunga lifti.

Ya nne, mfanyakazi mwenye ujuzi usiopatikana nchini.

Mchumba amenikumbusha, kwa ule upole wake unaochoma, kwamba siku aliyoshuka, tarehe 20 Februari, alitaka twende kwa msajili kabla hajafungua begi. Kweli. Nikamwambia ngoja nimalize viti arobaini vya ukumbi, tutakwenda Ijumaa. Ijumaa zimepita mbili. Sasa kosa ni langu? Viti arobaini havijipigi pini vyenyewe.


Jumanne, 4 Machi

Mambo yamezidi kukaza. Mchumba amepata barua kutoka kwao. Kazi ya miaka minne, kutunza lifti za hospitali kubwa. Jibu litolewe mwisho tarehe 24. Barua ameiweka mezani, chini ya kopo la chumvi, mahali ambapo kila nikila naiona.

Amesema ana miaka arobaini na tisa na hawezi kuendelea kubeba sanduku la vifaa kati ya nchi mbili kama mtu aliyefukuzwa nyumba zote mbili. Tukikataliwa, atasaini. Hakupandisha sauti. Mafundi lifti ndivyo walivyo: jambo likikaribia kuanguka wanasema polepole zaidi.

Nimechagua njia ya nne. Nitamwajiri! Sheria inataka tangazo likae siku 14 kwenye ubao wa ofisi ya kazi, asipojitokeza mwenyeji mwenye sifa, mgeni anapewa kibali. Nne kuongeza kumi na nne, kumi na nane. Zinabaki siku nne za kupumua. Hesabu imekaa.

Tangazo nimeliandika mwenyewe, kwa kipimo cha Mchumba. Anatakiwa fundi wa makochi mwenye cheti cha ufundi wa lifti, uzoefu wa miaka ishirini, urefu usiopungua sentimita 185, mtulivu, asiyetumia sukari. Karani akauliza kochi na lifti vinahusiana vipi. Nikasema makochi hupanda ghorofani. Na urefu? Rafu ya juu. Na sukari? Sisimizi, wanakula gundi. Akagonga muhuri. Nchi ina watu wa kugonga muhuri, namshukuru Mungu.

Jioni nikamfundisha Mchumba kukaza mikanda ya kochi na kupiga pini. Amepiga pini shati lake mwenyewe kwenye kochi la mteja. Tukamkata mkono wa shati.


Ijumaa, 7 Machi

Amejitokeza mtu.

Nilikuwa nakata kitambaa, mlango ukaingiwa na kivuli kirefu. Mzee wa miaka sitini na moja. Nikampima kwa macho: sentimita 190, bila viatu. Miaka ishirini na mbili fundi lifti. Magoti yakakataa, akaingia kwenye makochi, mwaka wa tisa sasa. Vyeti vyote kwenye bahasha ya plastiki. Nikamkaribisha chai. Nilipoinua sukari, akafunika kikombe kwa kiganja.

Nikamuuliza kama ni mtulivu. Akafikiri kwa muda mrefu sana kabla ya kujibu.

Nikampigia karani kuuliza kama naweza kumkataa kwa sababu ya uso. Karani akasema nikimkataa mwenye sifa zote nina kesi, na nikimwajiri njia ya nne imefungwa. Kwa hiyo nimemwajiri. Nimejichimbia shimo lenye vipimo kamili, na mtu wa kulijaza amekuja na cheti.

Mchumba amefurahi kupita kiasi. Wamekaa saa mbili wanaongea nyaya na roda za kuvutia lifti. Wanacheka! Mimi sijawahi kumchekesha mtu huyu kwa saa mbili.


Jumatatu, 10 Machi

Mstaafu, ndivyo ninavyomwita humu, ameanza kazi. Saa tatu asubuhi amepokea simu ya mteja na kumwambia kochi lake hatujaligusa.

Hatujaligusa! Miaka kumi na saba niko kwenye kazi hii. Nilianza na nyundo moja na mkasi wa kuazima kwenye veranda ya nyumba ya kupanga, mwanamke peke yangu, sikusaidiwa na mtu, na sijawahi kumtamkia mteja neno hilo. Mteja huambiwa limebaki kidogo. Huambiwa kitambaa kiko njiani. Huambiwa njoo Ijumaa. Ukweli mtupu unamvimbisha tumbo mteja. Huyu akashukuru. Eti angalau sasa anajua.

Kisha Mstaafu akafunga kadi kwenye kila kochi: jina la mteja na siku lilipoingia. Makochi ishirini na matatu. Karakana imekuwa kama chumba cha maiti.

Nimekosa utulivu mchana kutwa. Nimezunguka meza ya kukatia mara nyingi mpaka Mstaafu akaisogeza ukutani. Nikazunguka nusu. Ndipo nikaona njia. Ya tatu! Miezi 24 toa 14, kumi. Kumi tu. Na kochi ni nini? Mbao, mikanda, kitambaa, na katikati sponji. Miaka kumi na saba sijaona mteja akipasua kochi kutazama ndani. Wanakalia tu.

Miezi kumi nitaijaza.

Pasipoti yake ya zamani ilijaa, ameiacha kwao. Hii mpya ina muhuri mmoja. Uhamiaji watakuwa na kumbukumbu? Ofisi ambayo kalamu zake zimefungwa kwa kamba?


Jumatano, 12 Machi

Siku ya picha. Dada yangu mkubwa amekuja kupiga kwa simu yake. Nilimweleza mpango wote. Akaketi, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikivunja sahani.

“Mdogo wangu,” akasema, “wewe hata ukipewa ukweli unaupeleka kwa fundi.”

Lakini alipiga. Ndugu ni ndugu.

Picha ishirini, mbili kwa kila mwezi. Nimepanga kona tisa za karakana, kila kona kochi lake, pazia lake, zulia lake. Sebule tisa! Mashati ya Mchumba manane, moja halina mkono, kwa hilo alisimama upande. Nilimwambia ni picha za kumbukumbu. Akauliza kumbukumbu gani inayotaka abadilishe soksi. Nikamwambia atabasamu. Ametabasamu kwa namna ya mtu anayesubiri sindano.

Kwenye picha ya kumi na nne, kochi la kijani, aligundua alama ya kuungua kwa pasi kwenye mkono wa kochi. Akaisugua kwa kidole gumba. Akauliza hapa ni nyumbani kwa nani. Nikasema kwetu. Akaangalia kamera, hakutabasamu tena. Tukaiacha hivyohivyo, watu wa kweli hawatabasamu kila siku.

Tarehe nimeziandika nyuma kwa kalamu tatu tofauti. Moja inakaribia kuisha wino, kwa ajili ya zile za zamani. Kazi ya mikono haitaki haraka.


Alhamisi, 13 Machi

Maombi yamepokelewa. Kurasa saba. Mchumba husoma kila kitu, hata maandishi ya chini ya betri, kwa hiyo nilimpa ukurasa wa sita peke yake, wa saini. Nikasema nyingine ziko kwa Dada. Akasaini. Mkono wangu ulikuwa baridi kidogo. Upepo.

Mahojiano Jumatano ijayo, tarehe 19. Zitabaki siku tatu. Zinatosha.


Jumatatu, 17 Machi

Nimemwandalia Mchumba maswali arobaini na manane. Tumekwama kwenye la kwanza.

Nilimuuliza mlihamia nyumba moja lini. Akataja siku, tarehe, na hali ya hewa. Nikamwambia arudi nyuma miezi kumi. Akauliza miezi hiyo yeye alikuwa wapi. Nikasema na mimi. Akasema miezi hiyo alikuwa kwao akimbadilishia mama yake mabomba ya maji, na mimi sikuwepo, angekumbuka.

Niliona mashati manane yakipita machoni mwake, moja moja. Akauliza kurasa nyingine sita ziliandikwa nini.

Nikamwambia. Nilizungumza haraka sana, nikataja tarehe 22, tarehe 24, barua chini ya kopo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema atakwenda Jumatano, na atajibu atakachoulizwa.

Hilo tu. Nikauliza atajibu vipi. Akasema atajibu atakachoulizwa.

Karakana nzima leo nimetembea mimi. Mstaafu, aliyesikia yote maana anasikia kama popo, akaniambia kwamba lifti ikizidishiwa uzito haianguki, inakataa tu kwenda. Nikamwambia hapa ni kwa makochi.


Jumatano, 19 Machi

Naandika nimekaa kwenye ngazi za ofisi ya uhamiaji. Mchumba amekwenda kutembea. Hakusema anatembea mpaka wapi.

Nilianza vizuri. Afisa ni mama wa makamo, miwani, mikono safi. Akanichukua mimi kwanza, peke yangu. Akapanga picha zangu mezani mistari minne, tano tano. Nikajisikia fahari, ni kazi iliyopigwa pasi. Akazitazama moja moja. Kumi na tatu zikapita.

Kwenye ya kumi na nne akavua miwani.

Akauliza kochi hili la nani. Nikasema letu, tulilipenda sana, baadaye tukaliuza. Akauliza alama kwenye mkono. Hapo ningekaa kimya! Nikamwambia ni Mchumba, alikuwa anapiga pasi shati mwaka wa kwanza, akasahau pasi, tukagombana, tukacheka, tukapatana. Nilieleza mpaka harufu ya kitambaa kinachoungua. Nusura nilie.

Afisa akaniacha nimalize.

“Pasi hiyo ni yangu,” akasema. “Na kochi ni langu.”

Mumewe alilipeleka kwa fundi mwezi Desemba, kubadilishwa kitambaa. Kila wiki akipiga simu anaambiwa kitambaa kiko njiani. Mwezi wa nne sasa wanakalia viti vya plastiki, na mama mkwe alikuja akakalia ndoo. Akaigeuza picha kwenye mwanga. Pembeni ya mguu wa kochi, kadi ya Mstaafu. Akasoma kwa sauti jina la mumewe, na chini yake: liliingia 9 Desemba. Picha yangu nyuma ina tarehe ya miaka miwili iliyopita. Kwa wino unaokaribia kuisha.

Nikajikuta namwambia limebaki kidogo.

Sijui kwa nini. Mdomo una mazoea yake.

Akaniamuru nikae chumba cha pili, akamwita Mchumba. Ukuta ni mbao laini ya milimita kumi na mbili, mbao nazijua, nikasikia kila kitu. Akamuuliza tumeishi pamoja muda gani. Miezi kumi na minne, akajibu, mingine nimeitengeneza mimi, eti mimi ni fundi mzuri. Afisa akamuuliza kwa nini anataka kukaa na mtu wa namna hii.

Nikaweka sikio kwenye mbao.

Akaeleza kwa Kiswahili chake cha kupima kila neno. Kwamba lifti aliyokuja kuifunga hapa ilikwama siku ya kwanza, ndani mna mwanamke na kochi. Watu wakikwama hupiga kelele. Alipofungua mlango baada ya saa moja na nusu, mwanamke alikuwa ameshapima lifti yote kwa futi na kumwambia ukuta wa kushoto umelala sentimita moja. Alipima, ukawa umelala. Akasema tangu hapo nyumba isiyo na mimi anaiona kimya mno. Na lifti ikiwa kimya mno, fundi hashangilii, huenda kutazama imeharibika wapi.

Afisa akamruhusu Mchumba atoke nje. Akaniita. Njia ya tatu imekataliwa. Uongo wangu umeandikwa kwenye faili, nimepewa barua ya onyo, nikirudia ni mahakamani, na Mchumba hataingia nchi hii miaka mitano. Kisha akauliza kwa nini basi hatukubandika tangazo la ndoa. Nikasema nimepungukiwa siku mbili.

Akasema mwenye risiti ya tangazo huongezewa muda mpaka siku ya kufunga ndoa. Dirisha la pili, fomu ya ukurasa mmoja. Imeandikwa nyuma ya ile karatasi ya njia nne.

Nyuma! Mimi, nisiyepokea kochi bila kulipindua kuangalia tumbo lake!

Hapa kwenye ngazi nikaanza kumweleza Mchumba habari njema, kwamba twende kwa msajili. Akaniinulia kiganja.

“Nilikuwa na miezi kumi na minne ya kweli,” akasema. “Uliionea haya?”

Akaondoka kwa miguu. Kuhusu kwenda kwa msajili, amesema atanijibu kesho. Barua bado iko chini ya kopo. Nimekaa kwenye ngazi, nimesimama, nimekaa. Mlinzi ameniuliza kama nimepoteza kitu.


Alhamisi, 20 Machi

Asubuhi Mchumba alikunywa chai akitazama kopo la chumvi.

Nikaenda karakana, nikavua kitambaa cha kochi la kijani. Kitambaa kipya nilikuwa nacho tangu Januari, kimekunjwa juu ya rafu. Mstaafu akaja upande wa pili bila kuitwa. Tukatoa springi, tukakaza mikanda. Nikapiga pini tatu upande usiostahili. Mstaafu akazing’oa, hakunitazama.

Saa sita mlango ukafunguliwa. Mchumba. Akakunja mikono ya shati, akashika kifaa cha kukazia mikanda, akavuta. Amevuta vizuri. Shati lake limebaki salama.

Tumemaliza saa tisa. Mkono ulioungua tumeubadilisha wote, mbao na sponji. Mstaafu akampigia simu mume wa afisa kwamba kochi liko tayari, na mtu yule akauliza mara tatu kama ni namba sahihi.

Nikaanza kusema basi, kwa msajili twende Ijumaa, kesho, nikishaoga, nina sponji kichwani.

“Leo,” akasema Mchumba. “Sitaki Ijumaa yako.”

Msajili hufunga saa kumi. Tulifika zimebaki dakika kumi na moja. Tangazo limebandikwa, risiti iko kwenye sidiria, hapo haipotei. Siku 21: ndoa Alhamisi, tarehe 10 Aprili.


Jumatatu, 24 Machi

Ijumaa tulipata nyongeza, dirisha la pili, dakika tisa! Afisa alipita nyuma ya dirisha, hakunisalimu, lakini Dada, tuliyekwenda naye, anasema alitembea kama mtu aliyelala kwenye kochi.

Leo ndiyo siku ya mwisho ya ile barua. Mchumba ameandika jibu, amelifunga kwenye bahasha, amelipeleka posta. Sikuuliza. Nilifagia uwanja mzima, nikafagia na wa jirani. Aliporudi akainua kopo, akachukua barua ya kazi, akaikunja vipande vinne na kuiweka chini ya mguu wa meza unaocheza. Meza imetulia.

Nimeingia stoo, nikalia juu ya marobota ya sponji. Kisha nikayahesabu. Yanapungua mawili.


Alhamisi, 10 Aprili

Ndoa saa nne. Nilifika saa tatu na dakika ishirini. Dada amesema hajawahi kuona hata katika ndoto. Mashahidi yeye na Mstaafu, aliyevaa suti ya kufungulia lifti mpya.

Mchumba sasa ni Mume. Aliponivisha pete nilimwapia, mbele ya msajili, bila kuulizwa, kwamba kalamu yangu haitaongeza kitu tena kwenye karatasi ya serikali. Maisha yangu yote. Akanibana vidole. Machoni mwake niliona maji.

Nimebadilika. Naona tofauti hata ninavyovuta hewa.


Ijumaa, 11 Aprili

Fomu ya ukaazi wa mwenza wa ndoa. Ukurasa mmoja. Mume ameijaza mwenyewe mezani, kalamu nyeusi, herufi zimesimama kama nguzo. Nimeisoma mbele na nyuma. Nyuma ni tupu. Nimejifunza!

Swali la saba: mmeishi pamoja miezi mingapi? Ameandika 15.

Kumi na tano! Kumi na minne ya kwanza, kuongeza mwezi mmoja na siku ishirini na mbili tangu ashuke. Siku ishirini na mbili nzima amezitupa, na mimi nilizipikia. Chini ya swali pameandikwa kwamba kwa wanandoa jibu hili halina uzito, ni la takwimu tu. Sawa. Lakini mtu atalisoma. Kumi na tano, ukiitazama hivi, imekaa bapa. Kama mto uliojazwa na fundi mchoyo.

Mume amekwenda kunawa mikono. Kalamu ameiacha wazi.

Moja ni namba nyembamba. Ukiipindisha shingo juu na kuivuta mkia chini, ni mbili. Ishirini na tano. Inawapita hata wale wa ishirini na nne, kwa mwezi mmoja wa ziada.

Bomba limefungwa. Anatafuta taulo. Taulo nililitundika nje. Ataenda hatua tisa, atarudi tisa.

Wino ni uleule.